Lenzi za Mkaza Mjomba: Kuvu ya Pwani, Jua la Kajiado

Sanduku lilifika Kitengela kwa basi la usiku kutoka Mombasa, limefungwa kwa kamba ya katani na kuandikwa ubavuni kwa wino wa buluu: "Vioo. Tahadhari." Aliyelingoja ni mkaza mjomba wangu. Tangu mjomba alipofariki, Allah amrehemu, bibi huyu anaishi nasi hapa bara, kwa kuwa kifua chake hakiiwezi tena hewa nzito ya pwani. Nililifungua sanduku mbele yake, juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na kamera mbili, lenzi moja kubwa ya shaba iliyoviringishwa katika kipande cha kanga, na bati la biskuti lililojaa negativu.

Nilidhani vitu hivyo ni vya mjomba. Nilikosea. Mjomba ndiye aliyekuwa na jina lake juu ya mlango wa studio yao ndogo ya Mji wa Kale, lakini chumba cha nyuma, chenye mapazia mawili na mlango wa uani, kilikuwa cha mkewe. Bibi harusi hakupigwa picha na mwanamume asiye maharimu wake. Aliingia kwa mlango wa uani pamoja na somo yake, akavua buibui, akaketi, na aliyesimama nyuma ya kamera alikuwa mwanamke mwenziwe. Picha ikitoka ilitiwa katika bahasha na kukabidhiwa mkononi, haikubandikwa dirishani. Hivyo ndivyo mkaza mjomba alivyofanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna hata kibao kimoja kilichoandikwa jina lake.

"Nipe niishike," aliniambia. Akaifungua kamera ya kukunja, akaielekeza dirishani, kisha akanyamaza. Mwaka juzi alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na sasa huona vya mbali vizuri kuliko vya karibu, kwa hiyo alinirudishia mimi nitazame. Ndani ya kioo niliona nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zilizotanda kama utando wa buibui kutoka ukingoni kuelekea katikati.

"Ni kuvu," akasema kabla sijamweleza. "Jicho langu walitoa kioo kilichochafuka wakatia kingine. Hii hatuna cha kubadilishia. Hii tutaifua."

Kabla ya kumkubalia niliipeleka kamera kwa fundi mmoja jijini Nairobi. Aliitazama kwa muda usiofika dakika moja, akanishauri niiweke kabatini iwe pambo. Nilirudi nyumbani na ushauri huo, na mkaza mjomba akaniuliza swali moja tu: "Aliifungua?" Hakuwa ameifungua.

Pwani yetu imekaa na vioo hivi kwa muda mrefu. Unguja ilikuwa na studio za akina Gomes na akina Coutinho tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Mombasa ilikuwa na N. V. Parekh, ambaye studio yake iliwapiga picha watu wa kila kabila na dini. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe na kuunganisha picha mbili tatu katika moja kwa ustadi wa ajabu. Majina hayo yamekwisha kuandikwa vitabuni. Wanawake wa vyumba vya nyuma, kama mkaza mjomba, sijawaona wakitajwa. Suala la hukumu ya picha yenyewe nawaachia wanazuoni wetu, ambao wamelijadili kwa kirefu. Makala haya yanahusu kioo.

Adui wa kioo hicho, kwa wote niliowataja, ni mmoja: hewa ya bahari. Unyevu wa Mombasa asubuhi hupita kwa urahisi asilimia 80, na kuvu huhitaji chini ya kiasi hicho ili kuamka. Mbegu zake hazionekani, nazo zimo katika hewa kila mahali. Zikipata giza, unyevu na chakula kidogo, huota. Chakula chenyewe ni vumbi, mafuta ya vidole, na hata utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo ili kupunguza mng'ao. Ubaya wake hasa haumo katika nyuzi zile nyeupe, kwa maana hizo hufutika. Ubaya umo katika tindikali ambayo kuvu huitoa inapokula: hiyo hukila kioo chenyewe, na alama yake haitoki kwa sabuni wala kwa dua ya fundi. Ndiyo maana anayekuta kuvu katika lenzi ya nyumbani kwake hana sababu ya kuitupa, lakini ana kila sababu ya kuharakisha.

Na sisi wenyewe huilisha kuvu hiyo kwa nia njema. Kamera ya mzee hutiwa katika mkoba wake wa ngozi, mkoba ukatiwa katika mfuko wa nailoni, mfuko ukatiwa chini kabisa ya kabati pamoja na nguo za Idi. Ngozi hunyonya unyevu na kuutunza. Nailoni huuzuia usitoke. Kabati huleta giza. Huwezi kuitengenezea kuvu makao bora zaidi ya hayo.

Hapa Kitengela mambo ni mengine. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika tambarare kavu ambako nguo iliyoanikwa saa tatu huanuliwa saa nne na nusu. Jina la Kajiado lenyewe limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu, ingawa kwa miezi mingi ya mwaka mtu hutafuta maji katika mto huo asiyaone. Hali hiyo inawatesa wafugaji, Allah awaletee mvua, lakini kwa lenzi iliyougua pwani ni hospitali. Mkaza mjomba aliamuru kila kitu kitolewe mikobani na kuachwa wazi juu ya rafu kwa majuma mawili, kimefunikwa kitambaa cha pamba tu. "Kwanza ikauke," alisema. "Kuvu mbichi ukiisugua unaisambaza."

Wakati tukingoja, nilianza kuuliza lenzi ni kitu gani hasa. Jina lake la Kiarabu ni adasa, nalo limetoka katika adas, zile adesi tunazopika nyumbani. Na Walatini waliita hivyo hivyo: neno lao la lenzi ni neno lao la adesi. Umbo ndilo lililowapa wote wazo moja, punje nene katikati na nyembamba kingoni. Mwaka 984 huko Baghdad, Ibn Sahl aliandika risala juu ya vioo na lenzi za kukusanya miale ya jua, na humo alieleza kwa jiometri jinsi mwanga unavyopinda unapoingia katika kioo, karne nyingi kabla ya kanuni hiyo kupewa jina la Mzungu. Baada yake akaja Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika Kitab al-Manazir akiwa Misri na kueleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka katika vitu ukaingia machoni. Si macho yanayotoa mwanga. Kuna hadithi inayopendwa sana, kwamba neno kamera limetokana na neno lake la Kiarabu. Si kweli: limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Yeye aliita chumba chenye giza al-bayt al-muzlim. Hana haja ya kuongezewa sifa ya uongo mtu mwenye sifa za kweli kiasi hicho.

Lenzi ya kamera haina adesi moja. Ile ya kamera yetu ya kukunja, Ikonta ya kampuni ya Zeiss Ikon ya Ujerumani, ni ya aina iitwayo Tessar, iliyobuniwa na Paul Rudolph mwaka 1902. Ina vioo vinne: kimoja mbele, cha pili nyuma yake, kisha nafasi yenye mboni ya vibati inayofunguka na kufunga, halafu nyuma ya mboni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kama kimoja. Gundi iliyovigandisha ni utomvu wa mti wa Kanada, jamaa ya misonobari, safi na wa rangi ya asali hafifu. Wazee wetu waliouza sandarusi kwa wenye kutengeneza vanishi wangeielewa kazi hiyo mara moja. Utomvu huu ulipendwa kwa sababu mwanga huupita karibu kama unavyopita katika kioo, hivyo kiungo hakionekani. Udhaifu wake ni joto, dawa za kuyeyushia na uzee. Ukianza kuachana, huonekana kingoni kama rangi za upinde wa mvua, kisha kama magamba ya dhahabu.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kugusa skrubu, ni hili: ninachokiona kiko wapi? Juu ya kioo, au katikati ya vioo viwili vilivyogandishwa? Mkaza mjomba alinifundisha kulitafuta jibu kwa tochi. Unaizima taa ya chumba, unaifungua mboni yote, unamulika kutoka nyuma kwa pembeni, na unaigeuza lenzi polepole. Uchafu ulio mbele husogea upande mmoja, ulio nyuma husogea upande wa pili. Katika Tessar yetu nyuzi zilikuwa pande zote mbili za mboni, juu ya kioo, si ndani ya kiungo. Kiungo chenyewe kilikuwa na mstari mdogo wa rangi kingoni, upana wa ukucha wa mtoto. Akaniambia nisikisogeze wala kukitumbukiza kioo hicho katika kitu chochote cha maji, kwa maana dawa ingeingia kwa ufa ule na kuviachanisha vioo vyote viwili.

Vifaa tulivihangaikia. Skrubu zenyewe zilikuwa tatu, ndogo kama punje za ufuta, zikishika pete ya mbele yenye namba za masafa. Bisibisi ya kawaida ilikuwa kubwa mara nne. Mume wangu alimjua mzee mmoja fundi wa saa mjini Kajiado, nasi tukaenda siku ya soko. Mzee alituazima bisibisi tatu za saa bila kudai rehani, na kwa shilingi mia tatu akatuchongea kitu tulichokuwa tukikitamani zaidi: spana ya ncha mbili, aliyoitoa katika bikari ya zamani, ya kuingia katika vitundu viwili vya pete inayoshika kioo cha nyuma. Alipoambiwa ni ya kufungulia nini, aliomba aletewe lenzi hiyo aione ikishapona.

Kazi ilianza baada ya alasiri, wakati watoto wako madrasa. Meza ilitandikwa shuka jeupe, ili kikianguka kitu kionekane. Mkaza mjomba aliketi ubavuni mwangu na tasbihi yake. Kila nilichokitoa nilikiweka katika kisahani cha peke yake, kwa mpangilio wa kutoka, na picha ya simu ikapigwa kila hatua. Zamani, aliniambia, yeye alikuwa akichora katika daftari. Nilipolegeza zile skrubu tatu na kuitoa pete, nilikuwa tayari kukifungua kioo cha mbele, naye akaushika mkono wangu. "Weka alama kwanza." Kioo hicho hupangwa masafa kwa kuzungushwa, kikitoka bila alama, hakuna ajuaye kilikaa wapi. Nikakwaruza nukta mbili ndogo kwa sindano, moja juu ya pete na moja juu ya mkebe.

Vioo viwili vya mbele vilitoka kwa utii. Kundi la nyuma lilikataa. Tone moja la mafuta ya viberiti pembezoni mwa uzi wa chuma, usiku kucha wa kungoja, na asubuhi likageuka bila kelele. Kutumia nguvu kungevunja ncha za spana, au mbaya zaidi, kungeifanya iteleze juu ya kioo.

Ufuaji wenyewe ni wa maneno machache. Kwanza kupuliza vumbi kwa kile kipira cha mpira cha kunyonyea kamasi za watoto wachanga, kipya bila shaka. Kisha kwa vioo vilivyo peke yake, maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na tone la sabuni ya vyombo, kwa ncha za vidole vilivyooshwa. Halafu dawa ya kuua kuvu: peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3, iliyochanganywa na amonia kidogo ya kusafishia nyumba, kwa pamba iliyolowa tu, kutoka katikati kwenda nje kwa mzunguko. Kwa kioo cha nyuma chenye ufa tulitumia pamba yenye unyevu hafifu na hatukugusa ukingo. Hapa naomba kila mama anayesoma asimame kidogo: amonia isichanganywe kamwe na Jik wala dawa yoyote ya kung'arishia nguo nyeupe. Mvuke unaotoka humo huunguza mapafu, na jikoni zetu zina chupa zote mbili rafu moja.

Nyuzi zilitoka. Chini yake, katika kioo cha pili, palibaki alama kama nyayo za ndege mdogo karibu na ukingo. Niliongeza dawa. Niliongeza tena. Nilikuwa nikitaka kusugua kwa ile pasta ya kung'arishia shaba, na nilikwisha kuifungua chupa, mkaza mjomba alipoisukuma pembeni. Kuvu ilikuwa imekwisha kula pale. Nilichokuwa nikikisugua sasa kilikuwa kioo. Kidole chake kilipita juu ya uso wa lenzi bila kuugusa. "Hapo basi," akasema. Lenzi hiyo ni ya kabla ya vita, ya wakati ambapo vioo havikupakwa utando, na kwa bahati hiyo ilivumilia mikono yangu. Ingekuwa na ule utando laini wa mwanzo mwanzo ningekuwa nimekwisha kuuvua. Nimesoma na kusikia tangu hapo kwamba lenzi zilizoharibiwa na wafutaji ni nyingi kuliko zilizoharibiwa na kuvu. Sina hesabu, lakini naamini.

Ushindi huo ulinitia kiburi, na kamera ya pili ikalipa. Hiyo ni ya Kijapani, Pentax ya miaka ya 1960, na lenzi yake ni Super-Takumar ya milimita 50. Ilikuwa na kasoro mbili. Kioo chake kilikuwa cha manjano kama chai ya rangi, na pete yake ilikuwa nzito kuzunguka. Nikaifungua peke yangu usiku mmoja, mkaza mjomba akiwa amelala, nisafishe grisi iliyokauka. Skrubu mbili nilizitafuna vichwa, kwa sababu nyota ya skrubu za Kijapani hailingani na bisibisi zetu za kawaida, ingawa kwa macho zinafanana. Kisha nikauzungusha mkebe hadi ukaachana katika sehemu mbili, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuweka alama.

Uzi wa mkebe kama huo si kama wa mfuniko wa chupa wenye mwanzo mmoja. Una mianzo mingi, na kila mmoja hukubali kuingia. Ukiingiza kwa mwanzo usio wake, lenzi huzunguka vizuri kabisa, lakini haioni mbali: milima inabaki ukungu, au pete inagota kabla ya kufika. Nilijaribu jioni tatu. Kila mara nilifunga, nikasimama barazani, nikaangalia ndani ya kamera kuelekea Ngong, na kila mara vilima vilikuwa kama vimepakwa samli. Jaribio la jioni ya tatu, sikumbuki la ngapi, vikatokea wazi, ukingo wa kila kilima ukikatika dhidi ya anga. Mkaza mjomba hakunilaumu. Aliniuliza tu kama uzito wa pete ulikuwa umezuia picha yoyote. Haukuwa umezuia.

Umanjano wake haukuhitaji hata bisibisi. Baadhi ya lenzi za miaka hiyo zilitiwa thoriamu katika kioo, madini yenye mnururisho hafifu, kwa sababu yaliukunja mwanga vizuri. Miaka ikipita, mnururisho huo hukitia kioo rangi. Anayeitumia kamera kwa kawaida hapati madhara, lakini kioo cha namna hiyo kisisagwe, kisivunjwe, na kisiwe kitu cha kuchezea watoto. Tiba yake ni miale ya jua ile ile tunayoikimbia. Tuliiweka lenzi juu ya sinia la bati barazani, karatasi ya fedha ya jikoni ikiwa nyuma yake, kwa saa za asubuhi tu, kabla joto halijayeyusha grisi. Mezani pa mbao au karibu na pazia isingewekwa, kwa maana Ibn Sahl hakuandika bure: adesi ya kioo mbele ya jua huwasha moto. Kwa majuma matano tuliilinganisha kila Ijumaa na karatasi nyeupe. Ilitoka rangi ya chai, ikawa rangi ya maji ya mchele, ikatulia hapo.

Lenzi ya tatu, ile ya shaba, hatukuifungua. Ni ya namna iliyobuniwa na Joseph Petzval huko Vienna mwaka 1840, mwaka mmoja tu baada ya ufundi wa Daguerre kutangazwa, na ndiyo lenzi ya kwanza iliyotengenezwa hasa kwa picha za watu, kwa kuwa ilipitisha mwanga mwingi na kufupisha muda wa kukaa kimya. Vioo vyake vya mbele vimegandishwa kwa utomvu ule ule, na utomvu umeachana zaidi ya nusu. Ukitazama unaona magamba ya dhahabu. Kuitengeneza ni kuvipasha vioo joto polepole hadi viachane, kuviosha, na kuvigandisha upya vikiwa na kitovu kimoja. Kosa la unene wa unywele hapo linaipoteza picha yote.

Jirani mmoja alitushauri tuipeleke kwa wafua kioo wa Kitengela, tupate kioo kipya. Ni ushauri wa mtu mwema. Mahali hapo, ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, palianzishwa na msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, na mwanawe Anselm Croze akaongeza tanuri za kuyeyushia. Huyeyusha vioo vikuukuu, vya madirisha na chupa, wakavifanya bilauri, shanga na taa. Kioo hicho ni kizuri kwa macho, na mapovu yake madogo ndiyo uzuri wake. Lenzi haivumilii povu hata moja, na kioo chake hupozwa polepole mno kuliko bilauri, ili kisibaki na mkazo ndani. Hata hivyo nilipenda kumwonyesha mkaza mjomba kwamba kaunti hii ina nasaba na kioo. Mchanga mtupu huhitaji joto la karibu digrii 1,700 za Selsiasi ili uyeyuke. Magadi ndiyo yanayouteremshia joto hilo. Na Ziwa Magadi liko hapa Kajiado, ambako kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911 ili kuyavuna, na viwanda vya kioo ni miongoni mwa wanunuzi wa mavuno hayo. Yeye aliyajua magadi kwa kulainisha maharagwe. Aliifikiria habari hiyo kwa muda, akasema kwamba basi lenzi za Wazungu na sufuria zetu zimekuwa zikipikwa kwa kiungo kimoja.

Ilibaki kuirudisha Tessar na kuipima. Vioo viliingia kwa mpangilio wa kurudi nyuma, kutoka kisahani cha mwisho hadi cha kwanza. Nyuma ya kamera, mahali pa filamu, tulivuta karatasi nyembamba iliyopakwa mafuta, tukaiacha lenzi wazi, tukaielekeza Ngong, na mimi nikajifunika kichwa kwa leso. Vilima vilikuja juu ya karatasi vimepinduka, miguu juu na vilele chini, kama Ibn al-Haytham alivyoeleza mwanga unavyopita katika tundu. Nikakizungusha kioo cha mbele kidogo kidogo hadi vikawa wazi kabisa. Zile nukta mbili za sindano zilikuwa zimekutana. Nikakaza skrubu tatu za ufuta.

Roli la filamu lililetwa na binamu kutoka Uingereza kabla ya Idi. Siku ya Idi, baada ya sala, chumba cha nyuma kikawa sebule yetu: wanaume wakatolewa nje, pazia likashushwa, na binti yangu akaketi dirishani kwa nguo yake mpya. Mkaza mjomba alisimama nyuma ya kamera. Hakuhitaji kuona vya karibu. Aliisoma pete kwa kucha zake. Alipiga picha nane, zote zilizokuwamo.

Zilipotoka aliishika ya kwanza kwa urefu wa mkono. Kona ya juu ilikuwa na weupe kidogo, kama pumzi juu ya kioo.

"Hapa ndipo tulipoacha," akasema.

"Ndipo, Mama."

Aliitazama tena, akanirudishia niitie katika bahasha. Kisha akaniomba nililete lile bati la biskuti. Negativu zake nyingine zilikuwa zimeanza kunuka siki, dalili ya filamu inayooza, na ndani yake wamo mabibi harusi wa Kibokoni, Kuze na Mkanyageni wasiovaa mitandio, amana ya nyumba ambazo nyingine zimehama. Mlango ukafungwa. Mimi nikawa ninasoma majina yaliyoandikwa kwa penseli kwenye karatasi zake, naye akinieleza kila mmoja ni mama wa nani, anaishi wapi sasa, na tutampelekea kwa mkono wa nani.